Pale Nilipoandika "Ardhi Tupu"

Jumatano, katikati ya Februari. Jua limeanza ukali wake tangu saa moja asubuhi, upepo umebeba vumbi lote la Garissa na kulileta kibarazani kwangu, na mimi ninanuka maziwa ya ngamia kuanzia kola hadi viatu.

Shajara yangu ya mtandaoni, nisamehe kwa kupotea. Mara ya mwisho niliandika hapa kuhusu jino langu, nikaahidi kuandika kila wiki. Jino liling'olewa, pengo nimelizoea, ahadi sikuitimiza. Wasomaji wangu wote saba, mkiwemo dada yangu anayesoma ili ajue kama ninakula vizuri, mniwie radhi. Ninakula vizuri.

Lakini leo nimeona kitu. Nimejaribu kukiandika mara tatu na mara zote tatu nimefuta. Hebu nikisogelee polepole, kama watu wa huku wanavyomsogelea ngamia asiyewajua.

Kwa mgeni aliyeingia hapa kwa bahati mbaya: mimi ni mpima ardhi na mchoraji wa ramani, mtu wa vilima vya Murang'a, umri miaka hamsini na tatu. Nililetwa Bula Rako kwa miezi sita. Hiyo ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita. Bula Rako ni kituo kidogo kando ya mto Tana, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Garissa mjini ukishuka kuelekea upande wa pwani. Kuna maduka, msikiti, shule, kanisa la mabati tunalosali sisi watumishi wa kutoka bara, na vumbi.

Jambo jingine unalopaswa kujua ni kwamba mimi ni mfupi. Nalitaja kwa sababu hapa hawakuzungushi. Msomali akiona huna meno atakuita Bila Meno, na atakuita hivyo mbele ya mke wako, kwa upendo mwingi. Siku yangu ya pili hapa nilikuwa napita karibu na duka moja, mtu akaita "Gaab!", yaani mfupi. Nikageuka.

Basi ikawa imeisha. Mama mmoja muuza maziwa aliyekuwa ameketi pale alicheka mpaka akashika mbavu, akanieleza kwa Kiswahili chake: "Jina ikiitwa, wewe usigeuke. Ukigeuka imekushika." Nimekuwa Gaab tangu siku hiyo. Hata barua ya ofisi iliwahi kuniandikia hivyo.

Mama huyo ndiye Habaryar Dahabo. Habaryar ni kama kusema mama mdogo, na ndivyo ninavyomwita ingawa amenizidi miaka michache tu. Ana ngamia wake, ana mitungi yake ya maziwa iliyofukizwa moshi, na ana ulimi. Leo ameninyima usingizi, amenimwagia maziwa, na amenihamisha nyumba. Lakini ninatangulia mno.

Kiwanja chetu cha ndege ni kipande cha changarawe nje ya kituo. Ndege ikitaka kutua, kwanza lazima mtu akimbie kufukuza mbuzi. Sasa kuna mpango wa kukirefusha. Ndege zinazowapeleka watalii pwani hupita juu ya vichwa vyetu kila siku, nasi huziangalia tu zikienda kumwaga watu kwenye fukwe ambazo, nasikia, siku hizi watu wanalala wamepangana kama samaki kwenye trei. Wazo ni kwamba ndege hizo zitue kwetu kwanza. Mgeni alale siku mbili, aone twiga wetu, aone na hirola, yule swala mwenye macho ya huzuni ambaye hana kwao kwingine duniani isipokuwa sehemu hizi. Kisha aende zake baharini akaungue mgongo.

Ni wazo zuri. Nalisema bila kejeli. Vijana wa hapa watapata kazi ya kuongoza wageni, akina mama wameshaanza kikundi cha kujenga vibanda vya kulala vya mikeka na fito kama aqal zao za kuhamahama, na maziwa ya Habaryar yatapata wanywaji wapya watakaojifanya wameyapenda. Kwenye ripoti yetu maneno "utalii endelevu" yametokea mara nyingi kiasi kwamba nilianza kuyaona usingizini. Maana yake, kadiri ninavyoelewa, ni kwamba mgeni aje, afurahi, aondoke, na kile alichokuja kukiona kibaki.

Kazi yangu ilikuwa kusema kiwanja kirefushwe kwa upande gani.

Kuna pande mbili tu. Mashariki, kiwanja kinaishia kwenye uwanda wazi unaoshuka hadi mtoni, kati ya mashamba mawili ya maembe na ndizi. Magharibi, kinaishia kwenye nyumba sita za serikali. Nyumba ya kwanza, ile iliyo karibu kabisa na kiwanja, ni yangu. Mbele yake kuna mwarobaini nilioupanda wiki niliyofika, wakati nilipokuwa bado najidanganya kuhusu miezi sita. Sasa kivuli chake kinatosha meza, viti vinne na mtu mzima aliyelala chali.

Novemba nilitumwa kuangalia kama kuna wanyama upande wa mashariki. Nilikwenda asubuhi kumi na nne mfululizo. Nilibeba kiti changu cha kukunja, darubini, daftari na chupa ya chai, nikaketi mwisho wa kiwanja kama bwana harusi anayengoja kupigwa picha. Mvua za vuli zilikuwa zimeshuka vizuri. Nyasi zimeota hadi magotini, kila kitu kijani, vipepeo, hewa tamu. Wanyama, hakuna. Hata mmoja. Niliwauliza watu wachache waliokuwa wamebaki kituoni wakaniambia ni kweli, hakuna. Nikaandika "hakuna" mara kumi na nne, na kwenye ramani, juu ya uwanda ule, nikaandika kwa mwandiko wangu bora: Ardhi tupu.

Kwetu Murang'a mvua ikinyesha kila kitu hutoka. Ndege, konokono, jirani mwenye deni la jembe. Kichwa changu kiliniambia kama mnyama hajatokea wakati wa neema, atatokea lini tena?

Miaka kumi na tisa nimeishi hapa na bado kichwa changu kina miteremko ya chai.

Jumatatu ya wiki iliyopita ramani ilibandikwa ukutani kwa chifu ili watu waione kabla ya mkutano. Habaryar hasomi, lakini mto anaujua hata ukichorwa na mtu kama mimi. Aliweka kidole kwenye uwanda wa mashariki.

"Waryaa Gaab," akaniita, "hapa umeandika nini?"

"Ardhi tupu, Habaryar."

"Tupu ya nini?"

"Hakuna kitu. Hakuna nyumba, hakuna shamba, hakuna wanyama."

Akawageukia wanawake wenzake na kuwaambia jambo kwa Kisomali, nao wakajifunika midomo kwa shela. Kisomali changu ni kibovu, lakini neno "malka" nililisikia.

Malka nalijua. Kila mtu wa mto Tana analijua. Ni njia ya kushukia mtoni, mwanya unaoachwa kati ya mashamba ili mifugo ifike majini. Hailimwi na haizungushiwi ua. Watu wamegombana huku kwa mambo mengi, lakini mtu mwenye akili timamu hagusi malka. Nikamwambia Habaryar kwamba nilikwenda mwenyewe, siku kumi na nne, na sikuona malka yoyote pale, niliona nyasi.

"Ulienda wakati gani?"

"Novemba."

"Novemba!" Akapiga makofi. "Wakati ya mvua! Wakati ya mvua sisi tuko huko ndani, madimbwi imejaa, ngamia anakunywa mlangoni. Nani atakuja mto? Twiga yeye ni mjinga kama wewe?"

Nilicheka. Nikaenda nyumbani. Nikala. Nikalala.

Hapana, sikulala.

Hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli, kwa sababu kama sitakuwa mkweli hata kwenye shajara inayosomwa na watu saba, basi nifunge kabisa. Habaryar alinialika tangu Jumatatu ile ile niende naye alfajiri nikaone. Nikasema kesho. Jumanne nikasema goti linauma. Jumatano nilikuwa na kazi. Wiki nzima nikawa mtu mwenye shughuli nyingi katika kituo ambacho shughuli kubwa ni kungoja gari la mirungi lipite. Ofisini niliitazama ramani ile na nikajisikia kama mtoto anayejua kikombe kimevunjika na mama bado hajaingia jikoni.

Mkutano ulikuwa leo saa nne. Injinia, dada mmoja mchangamfu kutoka Nairobi, alifika jana na ramani yangu ikiwa imechapishwa kubwa kama shuka, ikingoja tu kukubaliwa. Vigingi vya rangi nyekundu nilikuwa tayari nimevipiga upande wa mashariki. Ukuta wa waya ungefuata.

Leo saa kumi na moja alfajiri mlango wangu uligongwa. Si kugongwa, kupigwa. Habaryar alikuwa nje na mtungi wake begani.

"Gaab, goti iko aje?"

"Afadhali, Habaryar."

"Haye. Twende basi. Na hiyo kiti acha."

Nilikuwa nimeshakishika. Nikakirudisha.

Tulitembea pembezoni mwa kiwanja hadi mwisho wa mashariki. Mbingu ilikuwa inaanza kupauka. Uwanda niliouacha kijani mwezi wa Novemba ulikuwa umenyolewa mpaka kwenye udongo, na kwenye udongo ule kulikuwa na njia. Njia nyingi, zimekanyagwa zikazama, zinatoka vichakani kama nyuzi na kukutana na kuwa kamba moja nene inayoshuka mtoni. Ningekuwa ndege ningeziona kutoka mbali. Mimi mpima ardhi nilikuwa nimeketi juu yake siku kumi na nne nikinywa chai.

Habaryar akanikalisha chini nyuma ya kichaka cha mathenge, ule mti wa miiba unaotumaliza. Mwiba ukanichoma mara moja, mahali ambapo sitapataja. Nikaruka, nikagonga mtungi, kifuniko kikatoka na maziwa yakaniogesha upande mzima.

"Subhanallah," alisema kwa sauti ya chini. "Maziwa ya watu."

Kisha akanishika mkono. "Nyamaza. Tazama."

Sikuona kitu. Niliona miti ya migunga upande wa pili wa kiwanja, nyeusi, imesimama kimya kwenye mwanga ule wa majivu. Halafu mti mmoja ukatembea.

Sijui niandike nini hapa.

Nimeona twiga maisha yangu yote ya Garissa. Mmoja barabarani, wawili wakila majani nyuma ya shule. Umezoea kama unavyozoea nguzo za simu. Lakini sikuwa nimewahi kuwaona wakija. Walitoka msituni mmoja mmoja bila sauti yoyote, na kila nilipodhani wamekwisha, kipande kingine cha msitu kilijitenga na kuwa twiga. Nilihesabu hadi thelathini na moja kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi yangu, na baada ya hapo nikaacha, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji. Nasema ni vumbi. Habaryar anasema mengine.

Walifika ukingoni mwa kiwanja wakasimama. Wote. Mbele alikuwa jike mkubwa mwenye sikio lililochanika. Alitazama kulia, akatazama kushoto, bila haraka, kama mwalimu mkuu anayevusha wanafunzi barabara. Akatazama vigingi vyangu vyekundu. Akakinusa kimoja. Kisha akanyanyua mguu, mguu ule mrefu usio na mwisho, akaupitisha juu ya kigingi, akavuka.

Wakamfuata. Kwenye changarawe ndipo nilipozisikia kwato zao kwa mara ya kwanza, tok, tok, tok, na pumzi. Walipita karibu nasi kiasi kwamba ningeweza kurusha kofia nikampiga mmoja. Jua lilikuwa linachungulia sasa, likawapiga ubavuni, na hapo ndipo nilipoiona ngozi. Viwanja. Naapa, ile ngozi ni ramani ya viwanja. Vipande vya kahawia vimekatwa vizuri, hakuna kinacholingana na kingine, na kati ya kila kipande na kipande kuna mstari mweupe safi. Njia. Aliyepima ngozi ile hakusahau kuacha njia hata mahali pamoja.

Mimi nilisahau.

Kulikuwa na mtoto mmoja, wa wiki chache labda, ingawa tayari alikuwa amenizidi kimo. Msinicheke. Yeye aliogopa kupita juu ya kigingi. Alisimama, akakitazama, akarudi nyuma. Wenzake walikuwa wanashuka mtoni. Jike wa sikio lililochanika akasimama, akageuza ile shingo yote, akamngoja. Mtoto akajaribu tena, akarudi tena. Na mimi, nimekaa kwenye vumbi nikinuka maziwa, nilikuwa nikimwomba Mungu wa bara na wa huku amsaidie mtoto yule kuvuka kigingi nilichokipiga mwenyewe.

Akazunguka. Akapata upenyo, akatimua mbio na miguu yake minne ikienda pande nne, akamfikia mama yake.

Walifika majini. Twiga akinywa anapoteza heshima zake zote, hupanua miguu ya mbele kama mtu aliyeteleza kwenye sakafu yenye sabuni. Walikunywa kwa zamu, wengine wakilinda. Nyuma yao, bila kugombana, wakashuka ngamia. Wa Habaryar. Akawataja mmoja mmoja kwa majina.

"Habaryar, kila siku wako hivi?"

"Kiangazi yote. Mama yangu aliwaona hapa hapa. Na mama yake." Akaanza kufunga mtungi wake uliobaki nusu. "Sasa utaleta mzungu na ndege aje aone twiga. Na hii waya yako itamwambia twiga rudi. Mzungu ataona nini? Ataona wewe?"

Nikajikung'uta vumbi.

Akanitazama kwa pembeni, na najua alikuwa ameliweka swali hili tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, kama mtu anavyohifadhi kipande cha nyama.

"Gaab. Nyumba yako iko upande gani?"

Ndiyo. Hilo ndilo lililoninyima usingizi wiki nzima, wala si goti. Nilikosea kwa sababu ya mvua, hilo ni kweli na ningeliapia mahakamani. Lakini nilipoandika "Ardhi tupu" upande wa mashariki, mkono wangu ulijua vizuri upande wa magharibi kuna nini. Uliandika haraka. Uliandika kwa mwandiko mzuri. Sikurudi Januari kuhakikisha, kama ambavyo ningefanya kama ingekuwa ramani ya mtu mwingine. Mtu anaweza kukosea kwa ujinga na kwa uroho kwa wakati mmoja, na ule ujinga ukamfichia uroho vizuri sana.

"Magharibi," nilimwambia.

"Haye," akasema. Hakuongeza neno. Kwa Habaryar, hiyo ni huruma.

Saa nne tulikuwa chini ya paa la mabati la chifu. Watu walijaa hadi dirishani. Injinia alibandika ramani, akaeleza vizuri, kwa heshima, akinitaja kama "mzee wetu ambaye ameifahamu ardhi hii miaka mingi." Nilitamani sakafu ifunguke. Kisha akauliza kama kuna swali.

Nilimwona Habaryar nyuma, mtungi mapajani, akitazama dari. Hakufungua mdomo. Mwanamke ambaye hajanyamaza tangu nimjue, leo alinyamaza, akaniachia mimi.

Nikasimama. Nikisimama tofauti haionekani sana, kwa hiyo chifu akasema, "Gaab, simama." Watu wakacheka. Nikasema nimeshasimama. Wakacheka zaidi, na kicheko hicho, sijui kwa nini, kikanipa nguvu.

Nikasema ramani ina makosa na makosa ni yangu. Nikasema nilikwenda wakati wa mvua. Nikasema pale nilipoandika "Ardhi tupu" ni malka, nimeona leo kwa macho yangu, twiga zaidi ya thelathini na ngamia nyuma yao, na tukiizungushia waya tutakuwa tumejenga mlango mzuri sana wa kuingilia nyumba tuliyoibomoa.

Injinia alikuwa amefungua mdomo kidogo.

"Mzee wangu," alisema, "mbona umeniweka pabaya hivi? Ramani imechapishwa."

"Najua, mama. Mwandiko ni wangu."

"Sasa turefushe wapi? Mbinguni?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kusema nimekosea kulikuwa sehemu nyepesi. Nikasema: "Magharibi."

"Magharibi kuna nini?" akauliza. Yeye ni mgeni, alikuwa na haki ya kutojua. Wengine wote walijua, na wote walinigeukia pamoja, chifu, mwalimu mkuu, akina mama wa vibanda, mzee wa msikiti, polepole, kama wale twiga ukingoni.

"Nyumba sita za serikali," nikasema. "Tano hazina watu, zilishapasuka. Ya kwanza ni yangu."

Chifu alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. Ni mtu asiyependa maneno. "Mwarobaini je?" aliuliza.

Nashangaa mpaka sasa. Katika yote, aliuliza mwarobaini.

"Nao pia," nikasema.

Basi imeamuliwa. Vigingi vya mashariki ving'olewe leo, na vijana walikwenda kuving'oa hata kabla mkutano haujafungwa kwa dua. Malka itachorwa kwenye ramani kwa jina lake. Upande wa magharibi utapimwa upya, na utapimwa mara mbili, kiangazi na masika, na Habaryar Dahabo atakuwa kwenye kamati ili mtu fulani asiende na kiti. Injinia aliniuliza nani atapima. Nikasema mimi. Nitaanza Jumatatu, mlangoni pangu.

Nilimpigia Nyambura, mke wangu, ambaye yuko nyumbani Murang'a na ng'ombe wetu wawili na subira ya miaka kumi na tisa. Nilimweleza yote, twiga, maziwa, mwiba, nyumba. Nilitegemea pole. Badala yake akauliza, yule mtoto wa twiga alivuka kweli? Nikasema alivuka. Akasema vizuri. Kisha akaanza kucheka, akasema mwarobaini ndio usiojua kuhama, mimi ninajua, hata kama nimejifanya nimesahau.

Sasa ni saa tisa alasiri na ninaandika chini ya mti wenyewe. Mbegu zake zimeanguka mezani. Nimeokota kiganja kizima, nikazifunga kwenye kitambaa, nikazitia mfukoni. Sijui nitakakozipanda. Habaryar anasema karibu na vile vibanda vya wageni hakuna kivuli hata cha kuficha kuku. Tutaona.

Ninajiuliza tu: je, kama Habaryar asingegonga mlango, ningesimama? Ningependa kuandika ndiyo. Nimeliandika na kulifuta. Naacha nafasi wazi.

Jambo moja nimelificha mpaka mwisho kwa sababu najua dada yangu atalisambaza kwa ukoo mzima. Baada ya mkutano nilikuwa naondoka peke yangu, kichwa chini, nimepita kibanda cha chai, nimeshafika karibu na kona ya msikiti. Nyuma yangu wanaume walikuwa wameketi na vikombe vyao. Nikasikia Habaryar akisema jambo kwa Kisomali, wakaangua kicheko, kisha sauti moja, sijui ya nani, ikaita kwa nguvu:

"Geri!"

Geri ni twiga.

Nilisimama. Nilijua vizuri sana kilichokuwa kikitokea. Miaka kumi na tisa nimeijua hiyo sheria. Mtu mwenye kimo changu, mwenye doa la maziwa ubavuni na tundu la mwiba kwenye suruali, angefanya vyema kuendelea na safari yake kana kwamba wameitwa watu wengine.

"Geri! Kuja chai!"

Nikageuka.